Kunyoa Bwana Harusi kwa Mashine ya Waya

Mwezi uliopita nilikunja taulo yangu ya mwisho, nikawaachia kiti. Sasa nashinda barazani, na mke wangu ananiuliza kila asubuhi kama kweli sina pa kwenda. Ninyi mliobaki dukani, wenye mashine nne ukutani na kioo kirefu kuliko mlango, mmeniomba niwaandikie kazi yetu ilikuwaje zamani. Haya. Habari za vyeo hamtazipata, maana kinyozi hana cheo: anaanza kazi amesimama nyuma ya kiti, na anamaliza amesimama pale pale. Nitawaeleza mashine ya kwanza niliyoishika, na mtu aliyenifundisha, na harusi moja iliyotaka kuvunjika humo humo dukani mwetu.

Nilitoka Muheza nikiwa kijana, miaka michache kabla ya Uhuru, nikaingia Ngamiani, mjini Tanga, kwenye duka la Mzee Mwakame. Alikuwa Mdigo wa Moa, mwembamba, mwenye kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake. Siku ya kwanza nilidhani atanipa wembe. Akanipa ufagio.

"Shikamoo mzee, mimi nimekuja kujifunza kunyoa," nikamwambia.

"Marahaba. Ndiyo nakufunza," akanijibu. "Fagia."

Kwake yeye kufagia ndiyo ilikuwa nusu ya kazi. Mteja akiinuka, nywele zake zilifagiliwa kabla mwingine hajakaa, zikatiwa kwenye kopo lenye kifuniko, na jioni tukazifukia nyuma ya duka. Upepo haukuruhusiwa kuchukua hata moja. "Hizi ni za mtu," aliniambia. "Akizipata asiyempenda, utakayeulizwa ni wewe." Hakuyasema hayo kunitisha. Aliyaamini kama alivyoamini kwamba kesho kutakucha, na mimi pia niliyaamini. Wala msinicheke, maana kuna mmoja wenu nimemwona akikusanya nywele zake mwenyewe kwenye karatasi na kuitia mfukoni.

Wembe nilijifunzia kwenye mguu wangu wa kushoto, kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, na mpaka leo ukinivua soksi utaona masomo yangu yote. Nikajifunza kunoa kwenye jiwe, kuusugua wembe kwenye mkanda wa ngozi, kumpaka mtu shabu, lile jiwe la kukausha damu, mahali palipochanika kabla hajajua kama amechanika. Shabu ile ilikuwa inauma, lakini mzee alikuwa na namna ya kumwuliza mteja habari za wakwe zake wakati huo huo, basi mtu hajui afadhali maumivu gani.

Yeye mwenyewe hakunyolewa na mtu. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini alitundika kijioo chake dirishani, akanyoa mashavu kwa mkono wake, akaacha kidevu chenye ndevu chache. Nilipojipendekeza nimnyoe mimi, akausogeza wembe mbali nami. "Nimeshika nyuso za watu maisha yangu yote," akasema. "Najua vinyozi mnavyoota ndoto na wembe mkononi."

Mashine ililetwa na Bwana Nasoro, mwenye jengo. Alikuwa Mwarabu wa ukoo wa Kimanga, mwenye mashamba ya minazi, mkarimu na mwepesi wa kuchoka na vitu. Alikuwa amekwisha kulitia jengo umeme, na sehemu yetu ya baraka hiyo ilikuwa taa moja katikati ya dari. Siku moja akarudi kutoka Mombasa na mashine ya kunyolea ndevu, ya bei rahisi kabisa, imo ndani ya boksi laini. Ilikuwa na rangi ya samli, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na mkia wa waya nyuma. Aliitumia siku mbili, ya tatu akaja akaitupa mezani kwetu.

"Chukueni," akasema. "Hii hainyoi, inakuna."

Alisema kweli. Bwana Nasoro alitaka shavu ling'ae kama kikombe, na mashine ile iliacha kivuli. Kila unyoapo, ulibaki unywele mfupi mno juu ya ngozi, huuoni lakini kidole kinauona. Mzee Mwakame akainyanyua kwa mkia wake, akaitazama inavyoning'inia. "Kitu chenye kamba kwangu ni mbuzi," akasema, na tangu siku hiyo jina lake likawa Mbuzi.

Sasa nyinyi mmezoea tundu za umeme ukutani. Sisi ukutani tulikuwa na msumari wa mkanda, basi. Ili Mbuzi apate umeme, ilibidi kutoa glopu na kuchomeka waya pale pale darini, penye taa. Kwa hiyo tulichagua: ama mwanga, ama kunyoa. Waya wenyewe ulikuwa mfupi. Kiti kikasogezwa katikati ya duka, mteja akakaa huku waya unampitia sikioni, na ukiuvuta kidogo tu Mbuzi ananyamaza, nami napanda stuli kurudisha. Mkatoliki mmoja wa Lushoto, aliyekuwa akifanya kazi shamba la mkonge na kutujia kila Jumamosi, mara ya kwanza Mbuzi alipolia alishika mikono ya kiti akaanza kuwataja watakatifu. Nilikuwa nimefika shavu la pili, naye alikuwa bado hajawamaliza.

Lakini nilimpenda Mbuzi yule. Nilimjua tabia yake. Hataki maji wala sabuni; uso uwe mkavu, upake poda kidogo jasho likauke. Vuta ngozi kwa mkono wa kushoto, mpeleke polepole, mzungushe kidogo, na usimbonyeze. Ukimbonyeza anashika moto na mteja anaruka. Kila mtu nilimwambia hivyo hivyo, "Tulia, mimi sibonyezi," na mzee huko kwenye mkanda wake wa ngozi anajifanya hasikii. Ukimaliza, fungua kichwa, kung'uta, piga brashi, tia tone moja la mafuta ya cherehani. Hata hivyo kichwa kile kilikuwa na vijipengo ambavyo brashi haikufika. Ukimkung'uta jioni, asubuhi ukimgonga tena bado anatoa vumbi la watu wa jana.

Hapo ndipo akaja Rajabu.

Rajabu alikuwa akifanya kazi bandarini, kijana mtaratibu wa Nguvumali, amelelewa na shangazi yake Bi Tatu tangu mama yake afariki. Alikuwa amemposa Zuhura, na mahari yamepokelewa. Shida yake ilikuwa uso. Ndevu zake zilikuwa za kujikunja sana, na wembe ukizikata chini kabisa, ncha inarudi ndani ya ngozi. Panavimba, panatunga usaha. Kidevu na shingo yote ilikuwa vipele. Mzee Mwakame alikuwa amemnyoa kwa wembe wake bora, kwa mkono mwepesi kuliko wote Tanga, na kila mara kijana aliondoka amepakwa shabu tangu sikio mpaka sikio.

Basi Rajabu akaenda kuwasalimia wakwe, amevaa kanzu nyeupe, na kipele kimoja kikapasuka. Damu ikachora ukosi wa kanzu mbele ya Bibi Mwanakombo, bibi yake Zuhura, ambaye nyumbani kwake hakuna mwanamume aliyepata kulijibu neno lake.

"Hii si damu ya wembe, ni maradhi," bibi akasema mbele ya watu. "Mjukuu wangu sitamtia kwenye nyumba ya mgonjwa. Apone kwanza. Na siku ya kunyolewa kwake kwa harusi nitakuja mwenyewe nitazame. Nikiona damu, mahari yenu nawarudishia."

Rajabu akatujia mchana ule ule. Hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Mzee, nikimkosa Zuhura sijui nitafanyaje." Mzee Mwakame akautazama wembe wake, akaukunja. Kisha akanionyesha Mbuzi kwa kidevu, kama mtu anayemtaja mkwe asiyempenda. "Mjaribu na huyo," akasema.

Nilimwacha Rajabu ndevu zichomoze kwanza, vile vipele vya usaha vikauke. Halafu nikawa namnyoa kwa mashine, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kile kivuli alichokikataa Bwana Nasoro ndicho kilichokuwa dawa: unywele ulibaki juu ya ngozi, hauna njia ya kurudi ndani. Kwanza shingo ikatulia, kisha kidevu. Baada ya miezi miwili Rajabu alikuwa anajitazama kwenye kioo chetu mpaka wateja wanamgombeza awapishe.

Harusi ikapangwa. Ila bwana harusi kwetu hanyolewi kimya kimya. Ananyolewa nyumbani kwao, asubuhi, mbele ya wanawake wa pande zote mbili, wanaimba na kumtania, na shangazi yake anashika kitambaa cheupe mapajani pake ili kila kinachoanguka kiangukie humo. Kitambaa kikishafungwa, shangazi anakwenda kukificha anakokujua yeye. Nyumbani kwa Bi Tatu hapakuwa na umeme. Wembe ungetoa damu, na Mbuzi hawezi kwenda mbali na dari letu.

Bi Tatu aliposikia tunataka bwana harusi aletwe dukani, alisema, "Mwanangu anyolewe barabarani kama msafiri?" Mzee Mwakame akavaa viatu, akaenda Nguvumali kwa miguu. Alichomwambia sikijui. Alirudi ametoka jasho, akaniambia nifagie duka, na safari hii hata kuta.

Ilikuwa Alhamisi. Walikuja na ngoma na vigelegele, kanga zimejaa barabara nzima, wenye maduka jirani wamefunga kwa sababu hapakuwa na pa kupita mteja. Bibi Mwanakombo akaletewa kiti mbele kabisa, karibu na shavu la bwana harusi. Bi Tatu akakaa kwenye mkeka na kitambaa chake. Na Mzee Mwakame, ambaye alikuwa amewanyoa mabwana harusi tangu sijazaliwa, alipanda stuli, akajifunga kitambaa kikavu mkononi, akashika ule waya pale darini usichomoke.

Nikawasha. Mbuzi akalia, na wanawake wote wakanyamaza.

Nilinyoa kwa mwendo wa kinyonga. Nilivuta, nikazungusha, nikasimama apoe, nikaanza tena. Jasho langu lilikuwa linadondoka kuliko la bwana harusi. Nilipozima, shavu lilikuwa safi, shingo safi, kidevu safi. Bibi Mwanakombo akainuka. Akampitishia Rajabu kiganja usoni, upande huu na upande ule, akasimama penye taya.

"Anakwaruza," akasema.

Nikanyoosha mkono kuwasha tena.

"Kidogo tu," bibi akaendelea, akawageukia wenzake. "Basi si ndiyo vizuri? Mume asiyekwaruza hata kidogo, taa ikizimwa utajuaje kama yumo?" Duka likapasuka kwa vicheko. Akamshika Rajabu masikio yote mawili, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Mume wangu mzima! Sina neno mimi. Mpelekeni akaoe."

Vigelegele vikapigwa mpaka nikaziba masikio. Rajabu akainuka, na ndipo Bi Tatu alipotazama kitambaa chake. Kilikuwa cheupe vile vile.

"Athumani," akaniita. "Nywele ziko wapi?"

"Zimo ndani ya mashine, shangazi."

"Zitoe."

Nikafungua kichwa, nikakigongagonga juu ya kitambaa. Likaanguka vumbi kama pilipili manga iliyosagwa. Bi Tatu akalichota kwa ncha ya kidole, akakipeleka kwenye mwanga wa mlango. Akakigeuza huku na huku.

"Hizi nyeupe ni za nani?" akauliza. "Mwanangu ana mvi?"

Ikabidi nimweleze. Nilimwambia nimeipiga brashi asubuhi mbele ya mzee, lakini mashine hii haimalizi, inabaki na za watu kwenye vijipengo vyake. Kila neno nililosema lilizidi kuharibu.

"Yaani mwanangu umemchanganya na watu nisiowajua," akasema. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akakikusanya kitambaa, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango, akakiweka mapajani. "Hapa hatoki mtu."

"Shangazi, sheikh anangoja," Rajabu akamsihi.

"Na angoje."

"Bi Tatu mwenzangu," Bibi Mwanakombo akaingilia, "mimi niliyekataa nimekubali, sasa unavunja wewe?"

Bi Tatu akainua uso. "Kaka yake huyu nilimwoza," akasema. "Kinyozi akakung'uta kitambaa uani, nywele zikaenda na upepo. Hata mwezi haukwisha, nikamzika. Ungekuwa umezika wewe, Bi Mwanakombo, ungekuja ukae hapa karibu yangu."

Pale ngoma iliwekwa chini. Hakuna aliyeweza kumwambia anakosea, na wengi wetu tulidhani hakosei. Rajabu alikuwa amesimama na kanzu yake mpya, anamtazama shangazi yake, anautazama mlango. Angeweza kumruka akapita. Asingeweza. Mama aliyemjua ni huyo.

Mzee Mwakame akashuka kwenye stuli.

"Bi Tatu," akasema, "waliomo humo nawajua. Yumo Bwana Nasoro, mwenye jengo hili. Yumo Mkatoliki mmoja wa Lushoto, mtu wa kanisani kila Jumapili. Yumo huyu Athumani. Mtu mbaya akikipata hicho kitambaa, atamtenga vipi Rajabu amroge peke yake? Itambidi abebe mtaa mzima."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. Bi Tatu hakucheka.

"Hao ni watu wako, umewaweka wewe," akajibu. "Na wewe umo?"

Mzee akajipapasa shavu. "Mimi simo," akasema.

"Basi usinifundishe."

Wallahi nilidhani yamekwisha. Nilikuwa namwona Zuhura amekaa kwao na hina yake, anaambiwa wageni warudi. Mzee Mwakame akavua kofia, akaitundika kwenye msumari wa mkanda. Akaja katikati ya duka, akakaa kwenye kiti. Akaegemeza kichwa.

"Washa," akaniambia.

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, nilisita kuwasha, maana huyu ndiye aliyenifunza hofu ile ile ya Bi Tatu, na hakuwa akifanya mchezo wa kumridhisha mama wa watu. Alikuwa anajitia humo kweli. Waya ulikuwa hauna wa kuushika. Rajabu akatazama juu, akakunja kanzu yake ya harusi, akapanda stuli mwenyewe, akashika.

Nilimpaka mzee wangu poda. Nilikuwa sijapata kuigusa ngozi ya uso wake, na ilikuwa laini, nyepesi, ya mtu mzee kuliko nilivyodhani. Wiki nzima ya ndevu nyeupe ilikuwa imesimama mashavuni. Akafumba macho. Nilipomwekea mashine akashtuka kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, mimi peke yangu nisikie, "Usibonyeze."

"Sibonyezi, mzee," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya wanawake wote wale, wala sikuyafuta kwa sababu mikono miwili ilikuwa kazini. Nilimpenda mzee yule. Mpaka siku ile nilikuwa namheshimu tu.

Nilipomaliza, akaichukua mashine mwenyewe, akaenda nayo mlangoni, waya ukachomoka darini ukamfuata nyuma. Akachutama mbele ya Bi Tatu, akaifungua kichwa kama aliyekuwa akiifungua kila siku, akaigonga juu ya kitambaa. Nyeupe zikaanguka juu ya nyeusi.

"Likimpata lolote," akamwambia, "limenipata na mimi. Na kwangu unakujua."

Bi Tatu akalitazama lile shavu tupu. Kisha akakunja kitambaa pembe kwa pembe, akafunga fundo, akavuta kwa meno likaze, akakitia kifuani. Akaondoka kizingitini. Rajabu alikuwa bado yuko juu ya stuli, mkono umeinuliwa darini, ameshika pasipo na kitu.

"Shuka, mwanangu," Bi Tatu akamwambia. "Mkeo anakungoja."